Namna nilivyokiponya kisigino changu kwa paketi za unga

Jumamosi iliyopita hapa Mombasa, pale Mama Ngina chini ya mibuyu, nilimsikia mzee mmoja aliyevaa mavazi ya mazoezi akimwambia kijana aliyekuwa akichechemea, "Pumzika mwezi mzima, mwanangu, usiutie kazi mguu huo, utapona wenyewe." Nilitamani kuingilia kati lakini adabu ilinizuia, kwa hiyo nayaandika hapa yale ambayo ningemwambia kijana yule. Ushauri kama huo nilipewa mimi na watu wasiopungua saba, wawili kati yao wakiwa wamevaa koti jeupe, na ulinipotezea karibu nusu mwaka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, nina umri wa miaka 46, na si mwanariadha wa kutajwa popote. Hukimbia alfajiri kutoka Tudor, nikapitia Sabasaba na Pembe za Ndovu hadi Laitihausi, kisha nikarudi kabla jua halijaanza kuchoma. Maumivu yangu yalianza wiki chache baada ya Idd. Mwezi mzima wa Ramadhani nilikuwa nimekimbia mara mbili tatu tu, na sikukuu ilipokwisha nikarudi barabarani kwa pupa, nikitaka kulipa deni la mwezi kwa siku kumi, tena nikiwa na viatu vya mtumba nilivyovipata Kongowea kwa bei ya kuchekesha, ambavyo soli zake za nyuma zilikuwa zimelika kama sabuni ya mche. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kuongeza mbio kwa ghafla namna hiyo ndiyo njia ya kawaida kabisa ya kuiumiza kano ya kisigino. Msuli hupata nguvu upesi, lakini kano inayouunganisha na mfupa huzoea mzigo polepole mno, ilhali wakati wa kukimbia kano hiyo hubeba nguvu inayoweza kupita mara sita ya uzito wa mwili wote.

Lipo jambo jingine ambalo halikunijia akilini hadi baadaye sana. Siku hizo hizo niliharisha vibaya, nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, bila cheti cha daktari, kama tulivyozoea wengi wetu. Dawa za jamii hiyo zinajulikana kwamba zinaweza kuidhoofisha kano, hasa ya kisigino, na tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo hilo liandikwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelezo yake. Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizoniponza, kwa maana viatu na pupa vilitosha peke yake, lakini mkimbiaji anayeandikiwa vidonge hivyo na amwulize daktari kama ipo dawa nyingine ya kufaa.

Mwanzoni nilitii. Nilipumzika wiki sita kamili, na kweli maumivu yakaisha, nikamshukuru Mungu na kuwasifu washauri wangu. Siku ya kwanza niliporudi barabarani, sikufika hata Sabasaba. Kisigino kilinikamata kwa ukali uleule, na kesho yake asubuhi hatua za kutoka kitandani hadi bafuni nilizipiga huku nikishika ukuta. Hapo ndipo nilipogundua kinundu kama kokwa ya ubuyu, vidole vitatu hivi juu ya mfupa wa kisigino, kikiuma ukikibinya.

Shemeji yangu, ambaye huinua vyuma na kwa hiyo ni bingwa wa kila kitu, akasema dawa ni barafu. Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa nikinunua mapande ya barafu kwa wauza samaki wa Mji wa Kale, nikayabeba kwa tuktuk ndani ya mfuko wa plastiki uliovuja, nikafika nyumbani mguu ukinuka nguru na maumivu yakiwa palepale. Kanuni aliyoifuata shemeji, ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu ilitungwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978; na mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona. Nilimsomea shemeji maneno hayo. Alinijibu kwamba daktari huyo sasa amezeeka.

Kisha nikapelekwa kwa mkandaji. Sitaki kumdharau mzee yule, kwa sababu mikono yake imewasaidia wengi waliotegukwa na mabega na vifundo, na kwake nilitoa kama mia tatu au mia nne kila mara, chai ikiwa juu yake. Aliupasha mguu moto kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akakipapasa kinundu changu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mshipa huu umejikunja, lazima tuukunjue." Akaweka dole gumba juu ya kano, akakaza, akalivuta kuelekea juu kama mtu anayekamua dawa ya meno iliyobakia kidogo. Nililia bila haya mbele ya watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni. Nilirudi mara ya pili kwa sababu ya heshima, na mara ya tatu kwa sababu ya ubishi. Baada ya hiyo ya tatu nilikuwa nikishuka ngazi za nyumbani kwangu upandeupande kama kaa, mkono mmoja ukutani, huku wanafunzi wangu wanaoishi jirani wakinipisha kwa huruma iliyonichoma kuliko kisigino.

Daktari mmoja akapendekeza sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Niliuliza faida na hasara zake, akaniambia kwa haraka kwamba maumivu yatatulia. Nilipochunguza mwenyewe nikakuta kwamba huenda kweli yakatulia kwa wiki kadhaa, lakini sindano hiyo ikichomwa ndani ya kano yenyewe huweza kuidhoofisha, na wako waliokatikiwa na kano baada yake. Nikaahirisha, na hadi leo nimeahirisha.

Huko katika kuchunguza ndiko nilikokutana na habari ya Håkan Alfredson, daktari mpasuaji wa mifupa wa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, ambaye naye alikuwa mkimbiaji mwenye kisigino kibovu. Husimuliwa kwamba alimwomba mkubwa wake wa kazi ampasue, mkubwa akakataa, naye kwa hasira akaamua kuizidishia kano yake mateso hadi iharibike, ili mkubwa asiwe tena na kisingizio. Akawa anasimama kwenye ukingo wa ngazi na kukishusha kisigino tena na tena huku kikimwuma. Badala ya kuharibika, kano ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji wa kujifurahisha 15, watu wa makamo kama mimi, waliofanya zoezi hilo kwa wiki 12, na wote 15 walirudi kukimbia kama zamani. Wengine 15 waliotibiwa kwa njia za kawaida, yaani mapumziko, dawa za kupunguza uvimbe na viatu maalumu, waliishia wote kwenye kisu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, kwa maana orodha ile ya njia za kawaida ilikuwa kama orodha ya matumizi yangu ya miezi mitano.

Ni kweli kwamba kundi la watu 30 ni dogo, na kwamba hawakugawanywa kwa kura, na utafiti uliofuata haukuonyesha watu wote wakipona kwa utimilifu huo. Hata hivyo jambo la msingi limesimama. Watafiti hao hao wa Umeå walipima ndani ya kano zinazouma za namna hii na hawakukuta ongezeko la kemikali inayoambatana na uvimbe wa kawaida, ndiyo maana jeli ya kupunguza uvimbe niliyokuwa nikijipaka ilinisaidia kunukia tu. Na mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia kaboni ya mionzi iliyoenezwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 kupima umri wa nyuzi za kano ya kisigino, wakaona kwamba kiini chake hujengwa hadi mtu afikapo takriban miaka 17, kisha karibu hakifanywi upya tena. Kwa maneno mengine, kano ninayokimbilia leo nilimaliza kuijenga nikiwa kidato cha nne, na kuilaza kitandani kusubiri ijitengeneze upya ni kungojea meli nchi kavu. Kinachowezekana ni kuizoesha kazi.

Nikaanza. Nyumba yetu ina ngazi za saruji zenye ukingo mkali, na niliichagua ngazi ya pili kutoka chini kwa sababu ina ukuta wa kujishikiza. Wiki mbili za kwanza nilizipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa nikipanda na kushuka kwa mguu uleule mbovu, mbiombio, mswaki ukiwa mdomoni, nikajiona shujaa. Hatimaye nilikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akanilipisha kama elfu mbili hivi, akanitazama nikifanya mara tano, akacheka. Siri yote iko katika kushuka. Unapanda kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha unakiacha kisigino kishuke polepole mpaka chini ya usawa wa ngazi, na kupanda tena unapanda kwa ule mzima. Mara 15, duru tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu idadi ileile goti likiwa limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani wa shavu la mguu nao ushughulike. Asubuhi na jioni, kila siku, jumla yake ni mara 180. Aliongeza onyo ambalo wengi hulisahau: maumivu yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa wenyewe, usikishushe kisigino chini ya usawa wa sakafu. Na mtu akisikia mlio nyuma ya mguu kana kwamba amepigwa teke, kisha asiweze kusimama kwa vidole vya mguu huo, asifanye zoezi lolote, aende hospitali siku hiyohiyo.

Jirani wa chini, mama mtu mzima asiyeficha neno, aliniona siku nyingi kabla ya kuuliza. "Mwalimu, wafanya nini hapo kila siku, wahesabu ngazi?" Nikamweleza. Akasema nimche Mungu, mguu hutibiwa kwa kulala.

Mwisho wa wiki ya nne maumivu yakapungua, na kanuni ni kwamba yakipungua unaongeza mzigo. Sikuwa na vyuma vya kunyanyua, na kumwomba shemeji vyake kungenigharimu mawaidha. Nikachukua mkoba wa shule wa mwanangu, nikatia paketi mbili za unga wa sima za kilo mbili mbili. Wiki iliyofuata zikawa tatu, kisha nne, kisha sita, na nilijivunia uvumbuzi huo kupita kiasi. Alfajiri moja ya giza, nikiwa katika duru ya pili, niliinama kidogo, zipu ikaachia, na paketi mbili zikaangukia ngazini na kupasuka. Unga ulitapakaa kutoka kwangu hadi mlangoni pa yule mama. Kabla sijapata ufagio, mlango ukafunguka. Aliutazama unga, akanitazama mimi niliyesimama gizani nikitweta, akavuta leso yake vizuri. "Mwalimu, waamka usiku kumwaga unga mlangoni mwa watu, huu ni uchawi ama ni wazimu?" Nilifagia, nikapiga deki, na jioni mke wangu akashuka na sahani ya mahamri kuniombea radhi.

Ndipo nikagundua kile ambacho ningepaswa kukijua kwa kuwa nafundisha sayansi: lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa za soda za lita mbili zikijazwa maji hazipasuki, hazihitaji mizani, na mtu akizimwaga hakuna anayemshuku. Nilifika chupa nane, yaani kilo 16, katika wiki ya kumi.

Katika muda wote huo sikuacha kukimbia kabisa, na hili ndilo lililowashangaza washauri wangu. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba walioruhusiwa kuendelea kukimbia, mradi maumivu yasipite tano kwa kipimo cha sifuri hadi kumi na yasizidi kesho yake asubuhi, hawakupona vibaya kuliko waliokatazwa. Nilikuwa nikikimbia hadi Makupa na kurudi, polepole kama mtu anayewahi msiba wa mbali, na kila asubuhi nikakipa kisigino alama kama ninavyosahihisha mitihani. Kikipata sita, siku hiyo sikimbii.

Wiki ya kumi na tatu nilifika Laitihausi. Kinundu hakijaondoka, kimepungua, lakini ukikipapasa utakiona. Siku hizi nafanya zoezi mara tatu tu kwa wiki kwa mzigo mzito, kwa kuwa utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulilinganisha kunyanyua mzigo mzito taratibu mara tatu kwa wiki na kushuka kila siku ukakuta matokeo yanalingana, nami sikuhitaji kushawishiwa mara mbili kuamka kwa kuchelewa. Chupa zangu hukaa chini ya ngazi. Wiki iliyopita nilikuta mbili hazipo, nikadhani ni watoto, kumbe yule mama wa chini ana goti linalomsumbua na amekwenda nazo kwa mtaalamu kuuliza kama zinafaa.