Mama Anaimba, Binti Anaimba

Jumamosi, usiku

Wiki nzima masikio yangu yamekuwa na albamu mbili tu: Bright Future ya Adrianne Lenker na Patterns in Repeat ya Laura Marling. Zote ni za 2024; ya Lenker ilitoka Machi, ya Marling Oktoba. Aliyenitumia aliambatanisha ujumbe mfupi: hawa ni mtu na dada'ke, chagua mmoja inatosha.

Ukisikiliza juu juu utamkubalia. Marling ni Mwingereza aliyezaliwa 1990, Lenker ni Mmarekani wa 1991. Wote wanajitungia, wote wanapiga gitaa la mbao kwa vidole, na wote wana tabia ya kukaza nyuzi kwa namna zao badala ya ile tuliyofundishwa sisi wengine. Wakati wa karantini ya 2020 Marling alikuwa akionyesha mikazo yake Instagram, nami nilijaribu kumfuata mpaka nyuzi zikanishinda. Hata mahali pa kurekodia panafanana: Marling nyumbani kwake London, Lenker kwenye studio iliyojificha msituni, kwa tepu, kompyuta ikiwekwa kando.

Lakini wimbo wa kwanza wa kila albamu ukiupa nafasi, udugu unaanza kulegea.

Lenker anafungua na Real House. Gitaa halipo. Ni piano ya Nick Hakim inayokwenda polepole mno, na sauti inayosimulia kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Hakuna kiitikio cha kukushika mkono. Anazungumza na mama yake: utoto, kuhama, filamu iliyomtisha akiwa mdogo, halafu siku mbwa wao alipokufa, ambapo ndipo alipomwona mama yake akilia kwa mara ya kwanza. Wimbo unakaribia dakika sita na hautafuti huruma ya mtu. Mara ya kwanza niliusikiliza nikiwa kwenye daladala, nikauzima katikati. Si wimbo wa kusikiliza huku kondakta anakudai nauli.

Marling naye anafungua na Child of Mine, na kabla ya gitaa kuingia unasikia sauti za nyumbani, na mtoto mchanga yumo. Hapo inabidi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 2020 alitoa Song for Our Daughter, albamu ya kumwusia binti ambaye hakuwepo, wa kufikirika tu. Binti wa kweli akazaliwa 2023, na nyimbo hizi mpya zikatungwa mtoto akiwa hapo hapo chumbani. Nimezisikiliza albamu hizo mbili mfululizo, na mabadiliko ni makubwa. Yule wa kufikirika alipewa nasaha na maonyo. Huyu wa kweli anatazamwa. Dramu hazipo kabisa albamu nzima, na vyombo vya nyuzi vilivyopangwa na Rob Moose vinaingia taratibu na kutoka bila kishindo.

Kwa hiyo mmoja anaimba kama mama, mwingine anaimba kama mtoto wa mama. Ndiyo maana siwezi kuchagua mmoja nikaona inatosha. Lenker anauliza alikotoka na nani alimshika mkono. Marling amesimama katikati ya mnyororo: mbele yake binti, nyuma yake wazazi. Kwenye Looking Back anaimba wimbo uliotungwa na baba yake alipokuwa kijana, kijana anayejiwazia akiwa mzee. Sasa kijana yule amezeeka kweli, na binti yake ndiye anayeuimba. Wazo hilo lingeweza kuwa la kujionyesha, lakini ameuimba bila madoido, ukapita kama wimbo mwingine wowote wa albamu.

Masikio yangu yamelelewa na gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Kongo, basi kila mpiga gitaa huwa namsikiliza dole gumba kwanza. La Marling ni la mtu aliyekwisha kuamua. Halitetereki hata sauti inaposhuka ikawa karibu mnong'ono. La Lenker linakimbia, linajikwaa, linaendelea. Kwenye Sadness as a Gift fidla inamkimbilia, wenzake wanaitikia kwa sauti ambazo hazikunyooshwa, na hapo hapo napata raha kubwa kuliko popote kwenye albamu ya Marling. Kwa Marling, Caroline peke yake ndiyo inayokaribia: mzee anapigiwa simu na mpenzi wa zamani, anajaribu kukumbuka wimbo wao, maneno yamemtoka. Kichekesho kimewekwa ndani ya huzuni na wala hakikuiharibu.

Tatizo la Lenker ni katikati. Nyimbo 12 ni nyingi kwake. Evol inacheza na maneno yaliyosomwa kinyumenyume, na kwangu ule mchezo unaisha utamu kabla wimbo haujaisha. Vampire Empire ni jambo jingine. Bendi yake, Big Thief, iliutoa 2023, na mashabiki walioupenda jukwaani wakalalamika kwamba studio imeupooza. Huku ameuacha mbichi, unakwaruza, na naona wale walalamikaji walikuwa na haki yao.

Marling hana wimbo wa kuruka. Pia hana Real House. Nikiambiwa nitaje wimbo bora wa mwaka ule nitamtaja Lenker bila kufikiri. Nikiambiwa albamu, nitamtaja Marling, halafu nitaanza kujibishana na nafsi yangu. Nimemjibu aliyenitumia kwamba achukue zote mbili, ila Real House asiisikilize njiani.