Kant na ujumbe wa kukopa

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika falsafa unamhusu mtu aliyebanwa na shida. Umo katika kitabu kidogo cha mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant kuhusu misingi ya maadili, kilichotoka mwaka 1785. Mtu huyo anahitaji pesa, na anajua wazi kuwa hataweza kuzirudisha. Lakini asipotaja siku ya kulipa, hakuna atakayemkopesha. Je, aahidi?

Kant hamkatazi kwa sababu ataumbuka baadaye. Anamwambia ajiulize: kila mwenye shida akifanya hivi, ahadi itakuwa na maana gani tena? Hakuna atakayeiamini, watu wataishia kucheka wakisikia "nitakulipa". Maana yake, anayeahidi kwa uongo anaishi kwa imani ileile anayoibomoa. Anataka wengine wote watimize ahadi zao ili yeye peke yake apate nafasi ya kuvunja yake.

Hoja hii ilinikuta siku nimeshaandika ujumbe wa kumkopa rafiki: "Nitakurudishia mwisho wa mwezi." Nilipojiuliza pesa hizo zingetoka wapi, sikuwa na jibu. Nikafuta, nikaandika upya: "Sijui nitaweza kulipa lini. Kila mwisho wa mwezi nitakueleza nimefikia wapi." Ujumbe ulikuwa mgumu kutuma, kwa sababu sasa alikuwa na kila sababu ya kukataa. Lakini akikubali, atakuwa amekubali kwa kuijua hali yangu ilivyo. Ahadi ni deni, tunasema tangu utotoni; Kant alinionyesha kwamba deni hilo huanza kabla pesa hazijatoka mfukoni mwa mtu.

Ugumu zaidi niliuona wodini. Shangazi yangu, akiwa hoi, aliniuliza kama atapona. Maneno ya kutuliza yalikuwa tayari mdomoni. Ila kutodanganya si lazima kuwe ni kumwaga yote unayoyahofia. Nilimwambia nilichokijua: "Shangazi, dawa mpya zimeanza leo, madaktari wanasubiri kuona zitafanyaje." Kisha akauliza nani angebaki naye usiku ule. Nikasema ni mimi. Naamini hilo ndilo swali alilotaka lijibiwe.

Simfuati Kant hadi mwisho, hata hivyo. Mwaka 1797 alishikilia kwamba hata muuaji akibisha hodi na kukuuliza kama rafiki yako amejificha ndani, huruhusiwi kumdanganya. Alikuwa akimjibu mwandishi Benjamin Constant, aliyedai kuwa wajibu wa kusema kweli ni kwa yule tu mwenye haki ya kuambiwa kweli hiyo. Nimeisoma hoja ya Kant mara nyingi, nikitafuta namna ya kumtetea kwa sababu nimejifunza mengi kwake, na sijaipata. Kwa anayebisha hodi akitafuta mtu wa kuua, mimi niko na Constant.