Galaksi ikiwa mbali sana inaanza kuonekana kubwa tena

Juzi umeme umekatika tukakaa barazani, mtoto wa dadangu akaniuliza mjomba mbona mwezi na jua vinalingana. Nikamwambia jua ni pana mara 400 hivi kuliko mwezi ila nalo liko mbali mara 400 hivi, ndo maana yanalingana kwa macho. Nikamwambia anyooshe mkono, afumbe jicho moja, auzibe mwezi kwa kidole cha mwisho. Ukazibika wote na kidole kikabaki, hakuamini.

Sasa kitu kikienda mbali mara mbili kinaonekana nusu, hiyo kila aliyewahi kuangalia ngalawa ikiondoka pwani anaijua. Ila huko mbali kabisa mambo yanageuka aisee. Chukua galaksi, yani yale makundi makubwa ya nyota, zenye upana sawa uzipange kwa umbali, zinapungua zinapungua mpaka unafika zile ambazo mwanga wake umesafiri karibu miaka bilioni 10, afu ukivuka hapo zinaanza KUONGEZEKA, yani ya mbali zaidi inaonekana pana kuliko ya karibu. Mi nilirudia kusoma mara tatu.

Iko hivi, upana unaouona ni wa siku mwanga ulipoondoka. Enzi hizo ulimwengu ulikuwa umebanana, ile galaksi ilikuwa jirani tu na hapa petu, ila anga lenyewe likawa linatanuka na mwanga ukatembea miaka na miaka maana njia nayo ilikuwa inarefuka huku unakuja. Ule mwanga wa kale kuliko wote, wa ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000 tu, ulipoondoka chanzo chake kilikuwa miaka-nuru milioni 42 hivi kutoka hapa (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Leo sehemu hiyo iko bilioni 46! Na bado tunaiona kwa saizi ya ile milioni 42.

Ila usitegemee kuona madude makubwa angani. Galaksi za mwanzo zenyewe zilikuwa ndogo kweli, afu ulimwengu ukitanuka mara 2 mng'ao wa kila kipande cha picha unashuka mara 16, yani 2×2×2×2. Ile galaksi ya JADES-GS-z14-0 iliyopigwa picha na darubini ya James Webb, ulimwengu umetanuka kama mara 15 tangu mwanga wake utoke, piga hesabu mwenyewe, 15×15×15×15, mng'ao umeshuka kama mara 50,000.

Nikaanza kumweleza mtoto haya yote, akasema mjomba tuingie ndani mbu wengi.