Uzoefu wangu: kutenganisha aina za uvimbe wa ubongo kwa picha za MRI, nikiwa Mtwara

Nilifundisha modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, itaje aina ya uvimbe ikiona picha. Picha nilizotumia zilikusanywa na mtafiti Jun Cheng na wenzake katika hospitali mbili za China, moja Guangzhou na nyingine Tianjin, kati ya 2005 na 2010, nao wakaziweka wazi kwa yeyote. Ziko 3064, za wagonjwa 233: glioma (uvimbe wa tishu yenyewe ya ubongo) 1426, uvimbe wa tezi ya pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo) 930, meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo) 708. Zote ni T1, mojawapo ya aina za picha za MRI, zilizopigwa baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya gadolini inayoufanya uvimbe ung'ae.

Gawa 3064 kwa 233 upate picha kama 13 kwa kila mgonjwa, kila moja ikionyesha kipande kimoja chembamba cha kichwa chake. Kazi nzima inasimama au kuanguka hapo. Vipande viwili vinavyofuatana vya kichwa kimoja hufanana mno. Ukichanganya picha zote kisha ukachota za majaribio bila mpango, mgonjwa yuleyule anakuwa pande zote mbili, na modeli inamtambua mtu badala ya ugonjwa. Asilimia itapanda sana, lakini haina maana. Kwa hiyo niligawa wagonjwa, sio picha, katika mafungu matano. Kila faili lina namba ya mgonjwa (PID), na watayarishaji wameambatanisha faili liitwalo cvind lenye mgawanyo huo tayari. Alama hushuka ukigawa hivi, na hizo ndizo za kuripoti.

Mkusanyiko wa picha 7023 ulioko Kaggle, tovuti ya kushirikiana data, niliuacha kwa sababu hiyohiyo: hauna namba za wagonjwa. Tena picha zake za watu wasio na uvimbe zimetoka chanzo kingine kabisa, hivyo modeli inaweza kujifunza tofauti ya vyanzo tukadhani imejifunza ubongo.

Mafaili ni ya programu ya MATLAB, toleo la 7.3, kwa hiyo kwenye lugha ya Python yafungue kwa maktaba ya h5py. Picha hutoka zimegeuzwa, safu mlalo kuwa safu wima, zirudishe kwa amri ya .T, na barakoa ya uvimbe (picha inayoonyesha eneo la uvimbe pekee) vilevile. PID inakuja kama orodha ya namba za herufi, ibadilishe iwe maandishi. Lebo ni 1, 2, 3 (meninjioma, glioma, pituitari), toa moja zianzie 0. Picha nyingi ni 512 kwa 512, chache ni 256. Mwanga wake hauko kati ya 0 na 255, kwa hiyo kila picha niliikata kwenye asilimia ya 1 na ya 99 ya thamani zake, ndipo nikaipunguza hadi 224.

Modeli ni ResNet18, mtandao wa neva bandia wa kutambua picha, iliyokwisha kufundishwa kwa picha za kawaida: kasi ya kujifunza 0.0001, picha 16 kwa mkupuo, na makosa ya meninjioma kupewa uzito mkubwa zaidi kwa kuwa ni chache. Ili kuongeza mifano ya kujifunzia, kuzungusha picha nyuzi 10 na kugeuza kushoto kwenda kulia kunafaa. Kupindua juu chini hakufai, hakuna anayepigwa MRI hivyo. Kompyuta yangu mpakato haina kadi ya grafiki, nilitumia Google Colab, huduma ya kuendesha programu kwenye kompyuta za Google. Huku umeme na mtandao vikikatika kikao hupotea, kwa hiyo hifadhi namba ambazo modeli imejifunza kwenye Google Drive kila mzunguko wa mafunzo unapoisha.

Usiangalie asilimia moja ya jumla. Chora jedwali la makosa, linaloonyesha aina ipi imedhaniwa kuwa ipi. Pituitari ndiyo rahisi, mahali pake hapabadiliki. Meninjioma ndiyo inayosumbua: hukua kwenye utando, nje ya tishu ya ubongo, lakini ikishaubonyeza ubongo, kipande kimoja pekee hakionyeshi imeanzia wapi, na modeli huiita glioma. Kisha nikatumia Grad-CAM, njia ya kupaka rangi sehemu za picha zilizoamua jibu, kuona modeli inatazama wapi, nikalinganisha na barakoa. Jibu sahihi lililotokana na jicho au ukingo wa picha nalihesabu kuwa kosa.

Modeli hii sijaipeleka kwa mgonjwa, wala isipelekwe. Ina majibu matatu tu. Ipe picha ya tuberkuloma (uvimbe wa kifua kikuu kwenye ubongo), jipu la ubongo, au toksoplazma (maambukizi ya kimelea) kwa mtu mwenye VVU, magonjwa ambayo daktari wa huku kusini lazima ayafikirie anapoona duara linalong'aa, nayo itachagua mojawapo ya aina zake tatu, mara nyingine kwa alama ya juu kabisa. Kuweka kiwango cha chini cha alama hakutoshi kuyachuja. Hata ndani ya glioma, mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 unadai vipimo vya vinasaba kama kile kiitwacho IDH, na hivyo hupimwa kwenye kinyama kilichokatwa na daktari wa upasuaji.