Mchuzi mwepesi wa nyama kwa pasta: tatizo si mafuta tu, ni maji

Ukitaka mchuzi wa nyama wa pasta uwe mwepesi, utaambiwa upunguze mafuta. Sawa. Lakini kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, mafuta ndiyo yanayoondoka kirahisi. Kinachosumbua ni maji. Mchuzi unaweza kuwa na mafuta kidogo kabisa na bado ukatelezea chini ya sahani kama supu, huku pasta imebaki juu, tupu.

Nianze na nyama. Nyama ya kusaga ya kawaida huweza kuwa na mafuta asilimia 20. Kwa nusu kilo hiyo ni gramu 100, na kila gramu ya mafuta ina kilokalori 9. Yaani umeshatia kilokalori 900 sufuriani kabla hujagusa chupa ya mafuta ya kupikia. Nikichukua iliyoandikwa asilimia 5, mafuta yanashuka hadi gramu 25. Hesabu inapendeza, ila nyama kavu namna hiyo ikikaa motoni saa nyingi huwa chembechembe ngumu, unatafuna mchanga. Mafuta yalikuwa na kazi yake pale: kulainisha na kubeba ladha. Ukiyatoa, lazima kitu kingine kishike zamu.

Kwangu zamu hiyo imeshikwa na uyoga na adesi nyekundu. Badala ya nusu kilo ya nyama natumia gramu 300, uyoga gramu 250 uliokatwakatwa mpaka ulingane na nyama ya kusaga, na adesi zilizokobolewa kama nusu kikombe. Uyoga una glutameti nyingi kiasili, kiini kinacholeta ladha ya nyama, ndiyo maana una ule utamu wa mchuzi wa nyama. Adesi hupasuka na kuyeyuka, hakuna anayeziona, na ndizo zinazofanya mchuzi uwe mzito. Nazichemsha pembeni dakika kumi kwanza na kuzichuja, kwa sababu uchachu wa nyanya huchelewesha kulainika kwa mbegu za jamii ya kunde. Kama wewe ni mpenzi wa maharage mekundu kuliko adesi, usiyatie mabichi kwenye sufuria hii hata siku moja. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui. Yaloweke, mwaga maji, yachemshe yatokote kwelikweli, ndipo yaingie.

Kuna wanaotupa kila kitu sufuriani, wanafunika na kwenda zao. Mchuzi unaiva, siwezi kusema hauivi, lakini una rangi ya kijivu na harufu ya nyama iliyochemshwa. Sufuria ya kupika polepole haivuki joto la maji yanayochemka, na nyama haianzi kupata rangi ya kahawia na ile harufu ya kukaangwa mpaka ipite kama nyuzijoto 140. Kwa hiyo kikaango hakikwepeki. Naanza na uyoga, mkavu bila mafuta, mpaka utoe maji yake na yakauke yote. Nautoa. Inafuata nyama, naiacha itulie bila kuikorogakoroga ili ishike rangi chini. Ikishageuka nainamisha kikaango na kuyachota mafuta yaliyojikusanya upande mmoja. Wapo wanaoiosha nyama kwa maji ya moto ili mafuta yote yaishe. Mimi sifanyi, maana ladha niliyoitafuta kwa kukaanga inaishia kwenye sinki.

Kitunguu, karoti na seleri, vyote vimekatwa vidogo sana, vinaingia kwenye kikaango hichohicho na kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni. Kitunguu saumu mwishoni, kisha vijiko viwili vya nyanya nzito ya kopo, nakaanga hadi iwe nyekundu iliyokolea. Hapo namimina maji kidogo na kukwangua vile vilivyogandia chini. Usiviache, ndiyo viungo vyenyewe. Karoti naiweka ya kutosha kwa sababu inapunguza ukali wa nyanya, sukari haihitajiki.

Sasa maji. Kwenye sufuria ya jikoni mvuke unatoka na mchuzi unapungua wenyewe. Kwenye hii ya umeme, mvuke unagonga mfuniko, unageuka matone na kurudi ndani, na mboga nazo zinaongeza ya kwao. Ukifuata mapishi ya jiko la kawaida, mwisho wa siku utakuwa na kioevu kilekile ulichoanza nacho, au zaidi. Juu ya nyama, uyoga, adesi na mboga hizo, mimi natia kopo moja tu la nyanya la gramu 400 na lile tone la maji ya kukwangulia. Supu ya nyama, hapana. Mwanzoni itaonekana kavu hadi utie wasiwasi. Vumilia, na usifunue kuchungulia, kwa sababu kila ukifunua joto linakimbia na unajiongezea dakika 20 au 30. Kwa moto mdogo naacha saa sita hivi, kwa moto mkubwa saa tatu zinatosha. Nyama ya kuku au bata mzinga huhitaji muda mfupi zaidi, hasa ya kidari. Nusu saa ya mwisho naweka moto mkubwa na kuondoa mfuniko. Chumvi naitia baada ya hapo, kwa kuwa mchuzi ukipungua chumvi hukolea.

Kitu kimoja nimekichukua kwa Wabolonya wenyewe, watu wa mji wa Bologna, Italia. Mwaka 1982 Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya mapishi ya Kiitaliano, iliweka mapishi ya ragù alla bolognese, mchuzi wao wa nyama, kwenye Chama cha Biashara cha Bologna, na ndani yake, pamoja na nyama ya ng'ombe na pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi), mna maziwa. Pancetta nimeiacha, ina mafuta mengi. Maziwa nimeyabakisha: robo kikombe, dakika kumi kabla ya kuzima. Yakiingia mapema huweza kukatika, yakiingia mwisho huufanya mchuzi uwe laini mdomoni kana kwamba haukupunguzwa kitu.

Pasta naipika peke yake, ndani ya sufuria hii ingekuwa uji. Naitoa ikiwa bado na ugumu kidogo katikati, naichanganya na mchuzi kwenye kikaango na upawa mdogo wa maji yake ya kuchemshia. Wanga wa maji hayo ndio unaoushikisha mchuzi kwenye pasta, kazi ambayo wengi huipa siagi.

Unaobaki naugawa kwenye vyombo vya kina kifupi upoe haraka, na ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Asubuhi yake mafuta yaliyoponyoka kikaangoni yatakuwa yameganda juu. Yaondoe kwa kijiko. Adesi nazo zitakuwa zimefyonza maji usiku kucha na mchuzi umekuwa mzito kupita kiasi. Ukiupasha kwa ajili ya pasta, uongezee maji kidogo. Kwa lasanya, uache hivyohivyo.