Siku moja na nyota zilizohama kwao

Saa 11 alfajiri. Adhana yaniamsha, na kabla hata ya kunawa uso nachungulia kompyuta. Niliiacha ikichuja data usiku kucha. Stima ilipotea saa ngapi sijui, ikarudi, na kazi yote imekufa katikati. Naianzisha upya, naenda kuswali.

Saa 1 asubuhi. Mahamri na mbaazi, kisha ghorofani. Ofisi yangu ni chumba cha juu katika nyumba ya marehemu bibi, Mji wa Kale, Mombasa: feni moja, na bahari uione ukijipinda shingo dirishani. Ni msaidizi wa utafiti kwa mkataba, wakubwa wangu wako ng'ambo, na mkate wangu unatoka kwenye swali moja. Katika nyota za halo, ngapi zilizaliwa kwenye mafungu ambayo leo hayapo tena?

Halo ni lile wingu jembamba la nyota kongwe linaloizunguka Njia Nyeupe, galaksi yetu, juu na chini ya sahani yake, yaani ule ubapa wenye nyota nyingi. Ni nyota chache, yapata asilimia moja tu ya nyota zake. Nyingi zililetwa na galaksi ndogo zilizomezwa zamani. Nyingine zilidondoka kutoka mafungu tufe, yale marundo ya nyota malaki yaliyoshikana kwa uvutano wao wenyewe. Tunayajua kama 150 hivi katika Njia Nyeupe, nami naamini hayo ni masalio tu.

Saa 3. Kuchuja majina. Ndani ya fungu nyota husukumana miaka nenda miaka rudi, zilizo nyepesi zikarushwa pembeni, na huko galaksi huzivuta moja moja. Kila fungu likikatiza sahani hutikiswa zaidi. Fungu la Palomar 5 tunaliona likivunjika: mikia yake, yaani misururu ya nyota zilizolitoka, iligunduliwa mwaka 2001, na sasa imefuatwa zaidi ya nyuzi 20 angani, yaani upana wa mwezi mpevu mara 40. Utafiti wa 2021 ulikadiria kwamba ndani yake mna mashimo meusi zaidi ya 100 yanayoharakisha kuzifukuza nyota. GD-1 nayo, iliyogunduliwa 2006, ni mkia uliobaki bila mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi rahisi. Baada ya miaka mabilioni mikia yenyewe hutawanyika, usiweze kutazama nyota ilipo ukajua ilikotoka. Hapo nageukia kemia. Nyota nyingi za mafungu tufe zina naitrojeni na sodiamu nyingi, kaboni na oksijeni pungufu. Nje ya mafungu, mchanganyiko huo ni adimu.

Saa 7. Swala, wali, joto. Sina la kusimulia.

Saa 9 alasiri. Kikao cha mtandaoni. Mkubwa wangu anataka asilimia, na mimi asilimia zanitia wasiwasi. Mwaka 2010 Sarah Martell na Eva Grebel walipima nyota jitu (kongwe zilizofura) za halo karibu 2,000, wakakuta asilimia 2.5 zenye alama hiyo ya kemia. Lakini si kila nyota ya fungu ina alama. Zile za kizazi cha kwanza zinafanana na nyota nyingine zozote, kwa hivyo lazima ukisie ngapi zilitoka kimya kimya. Kwa kisio kubwa, nusu ya halo ilizaliwa kwenye mafungu. Kwa kisio la 2019, ni kama asilimia 11. Vipimo havitofautiani sana, makisio ndiyo yanayotofautiana. Nilisema hivyo kikaoni, pakawa kimya kidogo.

Saa 11 jioni. Barazani, kahawa tungu na kashata. Ami aniuliza kama kila siku:

"Sasa hizo nyota wazijuaje kwao?"

"Ami, mtu amekaa Kisauni miaka arubaini. Akikwita 'ndoo' badala ya 'njoo', si wajua katoka huku?"

Akacheka. Kisha akaweka kikombe. "Na aliyeoa huku akaiga kwa mkewe?"

Nikabaki kumtazama. Ndilo tatizo lililonila asubuhi nzima! Nyota iliyo na mwenzake wa karibu aliyezeeka huweza kumwagiwa gesi yake, ikapata naitrojeni bila kuwahi kukanyaga fungu lolote. Nazitambua kwa mwendo: yenye mwenza hucheza, mara yaja kwetu, mara yarudi nyuma. Bila kupima mara kadhaa humjui mwenyeji na mkwe.

Saa 2 usiku. Juni, kusi imetulia kidogo. Napanda darini na Ami na darubini ya mkononi ya kuazima. Kusini, kama nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, namtafutia Omega Centauri, fungu tufe lililo miaka ya nuru kama 17,000 kutoka hapa.

"Mbona kama ukungu?"

"Ni nyota kama milioni 10, Ami."

Akazidi kutazama. "Na hizo zishaanza kutoka?"

"Zishaanza. Mwaka 2019 waliuona mkia wake, kwa data ya Gaia, chombo cha angani kilichopima nyota."

Mawingu yakaja kutoka baharini. Ami akashuka kulala bila kunirudishia darubini. Chumbani kompyuta imefika asilimia 71, na stima ingali ipo.