Mawe Laini Matano

Wapendwa katika Bwana,

Wiki hii sikuwa na amani. Jumatano jioni, katika kikao cha kwaya, nilikwaruzana na ndugu ambaye nimeimba naye besi kwa miaka 11, na maneno yaliyonitoka yalikuwa makali kuliko jambo lenyewe, ambalo lilikuwa saa ya mazoezi tu. Nilifika nyumbani nikiwa nimekwisha kuiandika moyoni barua ya kujitoa kwaya. Kuomba nilishindwa, nikafungua somo la jumuiya, 1 Samweli 17, nikakwama kwenye aya ya 40, pale Daudi anapojichagulia “mawe laini matano katika kijito cha maji.”

Tangu utoto nimekuwa nikiipita aya hiyo mbio ili nifike kwenye paji la uso la Goliathi. Safari hii neno “laini” lilinishika. Daudi hakuwa na tupa, wala hakuwa na siku za kukaa akisugua mawe; aliyakuta yamekwisha kutengenezwa. Bonde la Ela, mahali alipopambana na Goliathi, liko chini ya milima ya Yudea, ambayo sehemu kubwa ni mawe ya chokaa, na vijito vyake hukauka wakati wa kiangazi kisha hufurika kwa muda mfupi mvua zinaponyesha. Jiwe humeguka mlimani likiwa na kona na ncha, huangukia kijitoni, na kila furiko hulisogeza kidogo, likigongana na mengine na kusuguliwa na mchanga.

Ayubu anasema, “Maji huyala mawe” (14:19), na ni kweli kwamba maji huyeyusha chokaa polepole. Lakini meno makali ya kijito ni vile kinavyovibeba, yaani mchanga na kokoto. Hata upepo wa jangwani huchonga mwamba kwa mchanga, na barafu iliyolichimba Bonde la Teleki katika Mlima Kenya ilikwangua kwa mawe yaliyoganda ndani yake.

Ndugu zangu, Kiswahili chetu kililiona jambo hili zamani, ndiyo maana watu waliokosana kidogo tunasema wamekwaruzana. Tunamwomba Mungu atulainishe, naye anapotuletea jirani mwenye kona kama zetu, katika kijito hicho hicho cha neema, tunalalamika kwamba tumeumizwa. Tulitaka maji, mawe hatukuyataka. Wala msiogope kwamba mtaisha. Kona ndiyo huliwa kwanza, kwa sababu imejitokeza na hupigwa kutoka pande nyingi, na kwa hiyo jiwe huviringika mapema likiwa bado na sehemu kubwa ya uzito wake. Ulegevu wa mawe haukumwangusha Mfilisti yule. Yalikuwa magumu na mazito kama mwamba yalikotoka, ila yalikuwa yamepoteza zile ncha ambazo zingeyapotosha njia yakiruka kutoka katika kombeo. Bwana hakuondolei ujasiri wako, wala msimamo wako, wala sauti yako, bali huondoa ile ncha inayomchoma kila anayekukaribia.

Kwa hiyo niseme kwa upendo, nikianza na nafsi yangu: tumezoea kukimbia. Tunaguswa kidogo katika jumuiya hii, tunahamia ile. Kule nako tunaguswa, tunasali nyumbani kwa redio. Jiwe lililotolewa kijitoni likawekwa ukingoni hukaa miaka mingi na kona zake zote, na anayelikanyaga ndiye anayejeruhiwa.

Lakini pia asiwepo mtu wa kulichukua neno hili akamwambia mama anayepigwa na mumewe kwamba Mungu anamlainisha. Nimesikia ushauri wa namna hiyo ukitolewa na watu wazima wa imani, na ninaukemea. Jiwe likipigwa kwa nguvu kupita kiasi hupasuka, na penye mpasuko huzaliwa kona mpya, kali kuliko zile za kwanza. Huko ni kuvunja, na anayevunjwa ni wajibu wetu kumtoa, kumpa mahali pa kulala, na kumsindikiza kwenye vyombo vya sheria. Mithali inaposema “Chuma hunoa chuma” (27:17), inamtaja rafiki, na rafiki hukwaruzana nawe huku naye akikwaruzika.

Hilo ndilo lililonishinda Jumatano. Nilitaka kona za ndugu yangu ziishe, zangu zibaki. Jana nimempigia simu, nikamwomba radhi bila kuongeza “lakini.” Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tutaonana. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi jioni, saa aliyoipendekeza yeye, nami nitasimama pale pale kando yake. Mniombee.